Kwa Mwakio, kabla ya mechi

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona babu akilia.

Miaka ya hamsini, timu ya Wundanyi ikishuka kucheza Voi, mashabiki walikunywa pombe ya mbangara kwa Mwakio, rafiki yake babu, pale mtaa wa Kaloleni. Desturi ilikuwa mwenyeji aonje kwanza, ndipo mgeni anywe.

Leo tumeshuka kuona mechi. Babu akasema lazima tupitie huko.

Mzee Mwakio siku hizi anasahau. Hakumtambua babu. Lakini alionja, akampa kibuyu kwa mikono miwili.

"Kunywa, mgeni. Watu wa Wundanyi hunywa hapa."

Jamani!

Halafu akachungulia mlangoni. "Na Mghanga wangu, mbona hamkuja naye?"

Mghanga ndiye babu.

Nyinyi mngemjibuje?

Babu alikunywa, akafuta macho, akasema, "Yuko njiani."