Sikio la Fundi Maundu

Kwa miaka thelathini na moja Maundu alikuwa akiseti injini za magari ya Machakos kwa sikio, na hakuona haya kujigamba. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama mtu anayepokea komunyo, halafu akazungusha distributa, kile kifaa kinachogawa cheche za kuwasha mafuta, kidogo kidogo mpaka akaridhika. Wenye vifaa vya kupimia aliwacheka. Hata taa ya taimingi, ya kuonyesha kama cheche inakuja kwa wakati wake, aliyonunuliwa na bintiye Nzilani, anayeshona nguo kiwandani EPZ kule Athi River, ilikaa miaka mitatu ndani ya sanduku lake. Taa ni ya watu wasio na masikio, alisema.

Shida ni kwamba sikio lenyewe lilikuwa limeanza kustaafu bila kumpa notisi. Kila mwaka aliona injini zinanong'ona zaidi, na kila mwaka aliziongezea mngurumo ili azisikie vizuri. Gari lililopaswa kutulia kwenye mizunguko mia nane kwa dakika likiwa limesimama, yeye aliliacha kwenye elfu moja na mia tano. Mji haukulalamika, mji uliyaita maendeleo. Gari lililotulia likaanza kudhaniwa la mtu aliyefilisika. Paroko aliongeza spika mbili, maana waumini waliochelewa walikuwa wakiegesha karibu na dirisha la kanisa. Wageni kutoka Katangi waliulizana mashindano ya magari yanaanza saa ngapi.

Jumatano moja Abdalla, muuza vitambaa, alileta gari lake kuukuu la turbo, la wakati ule distributa ilipokuwa bado inazungushwa kwa mkono. Ijumaa alikuwa anampeleka binti yake Ummi Mombasa kuolewa, na familia nzima ingepanda humo. Maundu akafumba macho, akazungusha, akakaza nati.

"Tamu!" akasema.

Wakaenda kulijaribu kwenye mlima wa Mutituni, Abdalla kwenye usukani na mkewe Rehana nyuma. Turbo ilipoanza kusukuma hewa ndani ya injini, Maundu alisikia raha tupu. Lakini kwenye kioo alimwona Rehana amekunja uso. Abdalla akapunguza mafuta, uso ukakunjuka. Akakanyaga, ukakunjika tena.

Maundu akaacha kutabasamu. Mafuta ya gari la turbo yakiwashwa kabla ya wakati wake, injini hugonga, na ikigonga kwa muda hutoboa pistoni. Hilo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine tangu ujana wake.

"Mama, unasikia nini?" akauliza.

"Kokoto ndani ya mkebe, fundi!" Rehana akapaza sauti. "Kwani wewe husikii?"

Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa, kwa sababu akilini alimwona Ummi na gauni lake amekwama kando ya barabara ya Mombasa na moshi ukitoka kwenye boneti.

Waliporudi gereji alitoa ile taa sandukuni, akaifuta kwa shati. Akapunguza mzunguko wa injini kwanza, kisha akamulika alama ya taimingi kwenye puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini. Alama ilikuwa mbali na mahali pake kiasi cha kumtia jasho. Akayafikiria magari yote ya mji, yaliyopita mikononi mwake moja baada ya jingine. Akazungusha distributa taratibu mpaka alama ikarudi, akakaza, akapima tena mzunguko. Hapo injini ikanyamaza.

"Imezima. Washa," akamwambia Abdalla.

"Haijazima, fundi. Iko sawa."

Maundu akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ikitetemeka polepole, imetulia vizuri kuliko gari lolote alilolishika miaka hii yote, na yeye hakusikia kitu. Aliuacha mkono hapo mpaka ukaanza kuungua.

"Lakini imekuwa kimya sana," Abdalla akalalamika kwa sauti ya mnada. "Huko Mombasa watajuaje tumefika?"

"Abdalla," Maundu akasema, "masikio yangu yameisha. Na kwa huu mji wote hakuna mtu ameniambia."

Abdalla akashuka, akamshika bega, akainama mpaka karibu na sikio lake.

"Nilikuambia Disemba, fundi. Hapa hapa, tukiwa wawili. Ukanishukuru sana, ukasema wateja wako wote wanakusifu hivyo."