Mchi wa Mama na Hesabu ya Shaba

Nilimvunja mdogo wangu mkono kwa mchi wa kinu, mchana kweupe, mama akiangalia. Sijisifu. Hasira zangu ziko puani tangu utotoni, na nyumbani kwetu Bujonde kila mtu ana alama yangu mahali fulani mwilini.

Siku ile nilikuwa nimepewa saa mbili kwenye kompyuta ya kwantamu, mashine iliyoko ng'ambo, inayotunzwa kwenye baridi kali kuliko ya barafu yoyote. Saa mbili tu kwa shahada yangu nzima! Nilitaka inikokotolee jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya molekuli yenye shaba, shaba hiyohiyo iliyomo kwenye mrututu tunaopulizia kokoa zisioze. Kazi ilikuwa ya kupokezana: laptopu yangu inatuma makisio, mashine inapima nishati, jibu linarudi kwa intaneti ya simu, laptopu inarekebisha na kutuma tena. Kila mzunguko nishati inatakiwa ishuke mpaka ifike chini kabisa. Ukikatisha katikati, basi tena.

Umeme haukuwepo tangu mvua ya jana yake, na betri ya laptopu ilishakufa zamani. Nikachomeka kwenye betri ya sola ya mdogo wangu. Alikuwa shambani, sikumwomba. Nikakaa natazama namba zikishuka, napiga makofi, "Shuka! Shuka mama!" Mama akauliza kutoka jikoni kama nimeingiwa na wazimu.

Mdogo wangu, mtu mzima mwenye watoto wawili, akaingia na matope hadi magotini, pampu ya dawa mgongoni imeisha chaji. Akaona betri yake, akachomoa waya wangu, akachomeka wake. Kioo kikawa cheusi.

Sikuuliza. Nilichomoa mchi kwenye kinu nikampiga nao begani. Akainua mkono kukinga kichwa, pigo la pili likatua hapo, nikasikia mfupa ukivunjika kama muwa. Akaangukia pampu yake. Nikampiga tena akiwa chini, mgongoni, napiga kelele, "Umeniua! Umeua shahada yangu!" Mama alining'ata bega mpaka damu, ndipo nikaachia.

Mama na majirani wakampakia kwenye bodaboda kwenda hospitali, mkono umefungwa kwa khanga. Mimi nikabaki, na Mungu ananiona, niliwaza laptopu kwanza.

Umeme uliporudi nikaiwasha. Kila mzunguko ulikuwa umehifadhiwa. Molekuli ile niliichagua ndogo makusudi, ambayo nishati yake ya chini kabisa ilishajulikana, ili niipime mbinu yangu. Hiyo ndiyo sakafu. Elektroni hazina pa kwenda chini ya hapo. Nikalinganisha namba. Kwenye mzunguko wa kumi na moja hesabu ilikuwa imeshatoboa sakafu, na ikaendelea kuzama. Mashine ilikosea vipimo, na masahihisho yangu mabovu yakazidisha kosa. Namba nilizozipigia makofi zilikuwa takataka nusu saa kabla mdogo wangu hajafika mlangoni.

Alirudi kesho yake, mkono kwenye hogo jeupe la plasta. Mama akamsukuma mbele yangu.

"Dada, nisamehe. Nimekuharibia masomo."

Ukweli ulinijaa mdomoni. Nikaumeza, nikasema, "Yameisha." Jamani, nilimsamehe mimi!

Mpaka leo hajui. Mkono ulipona umepinda. Kisu cha kupogolea anakishika kwa kushoto, na kokoa za juu hazifikii tena, anakata mkewe. Msimu huu alikuja na pampu yake, akasimama nje ya mlango.

"Dada, naweza kuchaji?"

Betri ni yake. Nikamwambia achomeke.