Baiskeli ya Baba Mkwe Ilimwinua, Wazee Wakaichukua

Nyinyi watoto mmepotea sana. Mnaosoma ukurasa huu mkiwa Nairobi na Nakuru, hapa nyumbani tunawaona tu jeneza likishushwa. Mnakula, mnaondoka kabla sufuria hazijaoshwa. Leo mtakaa mnisikilize. Jina langu lifichwe, maana wa kwetu nao wanasoma. Mimi ni kukhu, nyanya wa watu wengi, miaka yangu sabini hivi. Siku niliyozaliwa hakuna aliyeandika. Darasani sikuingia. Haya nayasema kwa mdomo na mwalimu wa kanisa letu anaandika, nami nimemkataza kunipamba. Tunaishi upande wa Buyangu, karibu na msitu.

Nina mke wa mwanangu, mama wa watoto wawili. Sikumzaa, lakini mguse uone. Mwaka jana alishikwa na kifua kikuu. Akadungwa sindano, akapewa vidonge vya miezi mingi, kikohozi kikapungua. Lakini roho haikurudi. Alikuwa analala akitazama ukuta, mtoto akilia hageuki. Uji unapoa, napasha, unapoa tena. Nikamwambia, "Mwanangu, hata huo ukuta umechoka kukuangalia." Hakucheka. Nesi wa kliniki akaniambia, "Mama, mapafu yanapona. Kilichobaki ni mawazo. Mtoe nje, autumie mwili."

Nje aende wapi, na miguu ilikuwa kama mabua? Ndipo nikakumbuka baiskeli nyeusi ya marehemu mume wangu. Ilikuwa jikoni, kuku wanalala juu yake. Nikaifuta kinyesi, nikampa aishikilie kama fimbo, aisukume kidogo kidogo. Mara ya kwanza alifika kisimani tu. Halafu barabarani. Halafu kliniki kuchukua dawa. Siku moja namwona anarudi amekaa juu, suruali ya mume wake ndani ya rinda, matope mpaka kwenye nywele. Kumbe kwao kaka zake walimfundisha zamani. Akaniambia, "Mama, nikishuka kale kamlima, sikumbuki kama niliwahi kuugua." Siku hiyo aliomba obusuma, ugali wetu, na mboga ya mrenda, akaongezwa. Nililia pale jikoni nikasingizia moshi.

Akawa anaendesha kila asubuhi, mpaka shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipokutana naye njiani. Alikuja kwangu bila hodi.

"Shemeji, yule msichana amekalia kiti cha baba mkwe wake."

Kwa wasiojua: kwetu mke wa mtoto hakai kwenye kiti cha baba mkwe, na mkono hawapeani. Ni heshima, hata mimi naishika. Lakini baiskeli?

"Hicho ni kiti cha baiskeli," nikamwambia.

"Mzee alikikalianga. Ni kama anampakata."

"Mapaja ya mzee yako kaburini. Wewe unayaona wapi?"

"Mzee amekufa, shemeji. Kiti hakijafa."

Mimi nikadhani shida ni kiti. Nikaipeleka baiskeli mwenyewe kwa fundi sokoni Lubao, akang'oa kile cha ngozi akaweka kingine. Nikarudi nimefurahi kama mjinga, nikawaita wazee waone. Wakaizunguka kama ng'ombe wa mahari. Mmoja akauliza, "Na usukani? Si ndio mzee alishikanga? Sasa kila asubuhi anapeana mkono na mkwe wake." Mwingine akasema hata kengele ni sauti ya mzee. Nikawauliza, "Nikibadilisha yote, cha mzee kitabaki nini?" Wakanijibu, "Jina." Wakaisukuma mpaka kwa shemeji, ikafungwa kwa mnyororo.

Sasa mke wa mwanangu amerudi kutazama ukuta. Vidonge havijaisha lakini hamezi. Nilivikuta chini ya godoro. "Nimeze nipone niende wapi, mama?" Kikohozi kimeanza tena. Nesi amenionya kwamba ugonjwa huu ukimrudia mtu aliyeacha dawa, unarudi na hasira. Wazee wakisikia anakohoa wanatikisa vichwa: si tulisema? Mwanangu anakata miwa upande wa Mumias. Akija, anakaa mlangoni na kofia mkononi. "Mama, nitampingaje baba mdogo?" Nikamwambia akae hivyo hivyo, atazika mke akiwa na adabu zake. Akalia. Nikampa chai.

Baiskeli nyingine siwezi kununua. Kuazima nako hakuna: majirani wote ni wa ukoo mmoja, kwa hiyo wazee wao ni baba wakwe zake vilevile. Nikiwaasi, watamtenga yeye, si mimi. Nikinyamaza, ninamwangalia akiisha. Mimi niliyezoea kufokea watu wazima, sasa nakaa kando ya kitanda nimeshika kidonge na kikombe cha maji. Nipeni akili, wanangu, nishike wapi?

Na wewe mtoto wa binti yangu, unayesoma hapa na unajijua, uliyepotea kuliko wote: wewe si wa ukoo huu, wewe ni wa kwa baba yako. Ukija, sukari iache dukani. Njoo na baiskeli yako. Iegemeze chini ya dirisha la huyu mgonjwa wangu, usiifunge. Uingie kwangu, nitakuchinjia ingokho, kuku wa nyumbani. Kula polepole, na usitoke nje kuangalia kama bado ipo.