Puliza, Mama

Mama yangu aliuza mahamri pale Mwabungo tangu sijajua kutembea. Aliyakaanga kwa moto wa makumbi ya nazi, na moshi wa makumbi ni mkaidi: unaingia machoni, kwenye buibui, hata kwenye madaftari ya shule. Mwalimu wangu alikuwa akisema anaijua kazi yangu kwa harufu kabla hajasoma jina. Mimi niliona fahari.

Kikohozi kilipomkalia, alikiita mafua. Mafua ya miaka miwili! Alipoanza kusimama mara mbili kutafuta pumzi baina ya mlango na kisima, nikamvuta hadi zahanati moja upande wa Msambweni, akinung'unika njia nzima kwamba unga alioukanda utachacha.

Muuguzi, kijana wa bara mwenye adabu zake, alimpa kibomba cha plastiki cha kupimia pumzi, chenye mshale pembeni. "Mama, puliza hapa."

Mama alikishika kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo ikamchezacheza, kisha akapuliza mara tatu, taratibu, fuu, fuu, fuu. Mshale haukutikisika. Muuguzi akabadilika uso, akavuta karatasi aandike barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Mama naye ananitazama kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alikuwa amekisomea! Kwetu mgonjwa husomewa Alhamdu, kisha akapulizwa, na hivyo ndivyo alivyotuuguza homa zetu zote.

"Mamangu," nikamwambia, "hapa hapatakiwi dua. Puliza kama moto uliokataa kushika."

"Mbona hakusema?" Akamgeukia muuguzi. "Mwanangu, sema basi kuwa wataka mpulizo wa moto."

Akavuta pumzi, akapuliza. Safari hii mshale uliruka, lakini ukasimama chini sana ya pale ulipotakiwa. Akarudia. Palepale. Muuguzi akabadilisha mdomo wa kibomba, akanipa nijaribu mimi ili mama aone tofauti. Ukapanda mpaka karibu na mwisho. Kicheko kikaniisha.

"Ni moshi," muuguzi akasema. "Nitakupa dawa ya kuvuta, lakini huo moto uuache, mama."

"Moto huo ndio uliowasomesha hawa wanangu," mama akasema. Muuguzi akamfungia dawa pamoja na kibomba cha kwenda nacho nyumbani.

Siku hizi anapuliza kila asubuhi nyumbani, mimi naandika nambari. Mshale umepanda kiasi, na anatembea bila kusimamasimama, alhamdulillahi. Mahamri twanunua kwa jirani mwenye jiko la gesi. Ni laini, yameumuka, hayana kosa lolote. Nayala huku nautamani moshi, moshi uleule uliokuwa ukimla mama pumzi zake, na kila ninapoutamani naona haya hata siwezi kumtazama.