Kamba ya Helmeti

Kila Jumapili kabla ya mbio, kazi yangu ya kwanza kama mkuu wa mafundi haikuwa injini wala magurudumu. Ilikuwa kushika ncha ya kilemba. Dereva wangu, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akikifungua kichwani taratibu, nami nikirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka kitambaa kizima kinyooke kati yetu, katikati ya magari yaliyobondeka. Tulikikunja pamoja, nikakitia katika mfuko safi, mbali na grisi. Mwanzoni mafundi wa Kiingereza walitukodolea macho. Kufikia mwaka wa pili kulikuwa na mzee mmoja wa timu pinzani aliyekuwa akituondolea ndoo za oili njiani kabla hatujamwomba.

Ilikuwa miaka ya tisini, London ya kusini, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbio za mbwa. Siku nyingine walikimbia mbwa, Jumapili yakakimbia magari. Waingereza huziita stock car. Mtu wa kwetu angeona ni magari makuukuu yanayogongana kwa ruhusa, na asingekosea sana. Unachukua gari ambalo mwenyewe keshalitupa, unang'oa vioo vyote na viti vyote isipokuwa cha dereva, unachomelea milango isifunguke, unajenga kiunzi cha mabomba ya chuma ndani ili likibingirika paa lisimponde mtu, na mbele unatia bampa la kumsukumia mwenzako. Halafu magari ishirini na kitu yanazunguka kwenye kijia kifupi cha lami ambacho mtu mzima angekizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Moshi, harufu ya vitunguu vya kukaanga, na vikongwe waliojifunika blanketi magotini wakipiga kelele kuliko vijana. Nilipapenda mahali pale. Sikuwa na mahali pengine London nilipopapenda hivyo.

Nilikuja kutoka Nakuru, ambako nilikuwa nimetengeneza magari ya mashindano ya vumbi na matope. London nilianza kwa kuosha mabasi Stratford. Siku moja niliingia gereji moja Barking, chini ya tao la reli, kutafuta pampu ya maji ya gari la rafiki yangu. Mwenye gereji, huyo Kalasinga mwenyewe, alinisikiliza Kiingereza changu mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniuliza, "Wewe ni mtu wa wapi, bana?" Alikuwa ameondoka Kisumu akiwa na miaka kumi na minne, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki na umri huohuo, cha mtoto mtundu wa shule. Mwezi uliofuata nilikuwa nafanya kazi kwake. Tukawa tunazungumza Kiswahili kutwa, na uwanjani kikawa silaha yetu. Tuliweza kusimama mbele ya timu nyingine tukisemezana kwamba gurudumu lao la nyuma limelegea, huku tukitabasamu kwa adabu.

Lazima niseme jinsi nilivyofundishwa kazi, maana bila hiyo mambo yaliyofuata hayaeleweki. Mimi nilijifunza ufundi mahali ambapo spea haiji. Gasketi tulikata kwa karatasi ngumu ya sanduku. Bushi tulichonga kwa mpira wa tairi la lori. Kitu kisichotoshea kilitoshezwa, kwa tupa, kwa nyundo, kwa kipande cha bati. Fundi aliyesema "haiingii" alichekwa. Nilikuja na mikono hiyo Ulaya, na sikuona haya. Mafundi wenzetu uwanjani waliagiza vipuri na kungoja wiki mbili, sisi tukamaliza kabla ya Ijumaa.

Sasa helmeti. Kalasinga hakuwahi kukata nywele zake tangu azaliwe, na zilifungwa fundo juu ya utosi. Chini ya helmeti alivaa kitambaa chepesi tu, lakini fundo lilikuwa palepale. Helmeti ya saizi yake ilikaa juu ya fundo kama sufuria juu ya figa moja. Kubwa zaidi ilicheza. Akajaribu kulifunga fundo nyuma, kisogoni, na kwenye kona ya kwanza helmeti ikamshukia machoni, akaingia ukutani haoni kitu. Kukata nywele lilikuwa neno ambalo hakulitamka, nami nisingethubutu kumtamkia.

Akaniletea helmeti mezani akaiweka mbele yangu. "Fundi, hii helmet inakataa. Fanya vile unajua."

Nilifanya nilivyojua. Ndani ya helmeti mna povu gumu jeupe la kupokea kishindo, kama lile la kufungashia televisheni. Nilitoa kitambaa cha ndani, nikapasha kisu moto, nikachimba kishimo utosini, upana wa kikombe cha chai, mpaka karibu kufika gamba. Nikarudisha kitambaa na kukishona kwa mkono, mishono midogo midogo, kama fundi cherehani. Akaivaa. Iliingia vizuri. Akatikisa kichwa kushoto na kulia, akacheka kwa sauti, akasema, "Sasa imekuwa yangu." Nami nikajisifu. Nakumbuka vizuri nilivyojisifu.

Mkaguzi wa uwanja aliigonga kwa kifundo cha kidole, akavuta kamba, akatazama kibandiko cha usalama kilichobandikwa nyuma, akatupitisha. Ndani hakutazama. Hata angetazama asingeona, nilikuwa nimeshona vizuri mno.

Tulikimbia misimu miwili na helmeti ile. Dereva mgeni hupakwa paa jeupe na kuanza mbele, na kadiri anavyoshinda rangi yake hubadilika, naye hurudishwa nyuma ya wenzake. Tulitoka nyeupe tukaingia njano, tukatoka njano tukaingia buluu. Mkewe hakuja uwanjani hata mara moja. Alisema, "Shemeji, mimi namkabidhi kwako, jioni nirudishie." Alikuwa akisema kwa mzaha, na mimi nilimrudishia.

Siku yenyewe ilikuwa kavu, mwisho wa msimu, jua bado lipo. Nilimfunga mikanda ya kiti mmoja mmoja. Mwisho akafunga mwenyewe kamba ya helmeti, nami nikaipima kama kawaida yangu: vidole viwili chini ya kidevu vikiingia, imekaa, vitatu vikiingia, imelegea. Viliingia viwili. Nikampigia paa mara mbili, akaondoka.

Mzunguko wa tano gari moja lilimsukuma kutoka nyuma akiwa anakata kona. Halikuwa kosa la mtu, ndio mchezo wenyewe. Gari letu lilipanda kamba za chuma za uzio, likageuka, likatua juu ya paa. Kiunzi changu hakikupinda hata bomba moja. Lakini kichwa chake kilikuwa kimepiga bomba la juu, utosini, mahali palepale.

Niliruka uzio kabla ya bendera nyekundu. Alikuwa ananing'inia kichwa chini, anakoroma, kamba imemkaba koo. Niliifungua kamba kwa mkono wangu. Helmeti ikaanguka. Watu wa ambulensi walipofika walimkuta kichwa wazi, helmeti iko kwenye lami pembeni. Nami, Mungu anisamehe, wakati wanamtoa niliiokota ile helmeti nikaenda kuitia ndani ya gari letu la mizigo, chini ya turubai. Sikuwaza lolote. Miguu ilikwenda yenyewe.

Hospitalini walimnyoa ili wampasue. Muuguzi alimletea mkewe nywele katika mfuko wa nailoni, akimpa kwa mikono miwili. Mwanamke yule aliupokea akaupakata. Kisha akanigeukia.

"Shemeji, wananiambia helmet ilitoka. Alikuwa ameifunga vizuri?"

Ningesema hapohapo. Maneno yalikuwa machache tu. Badala yake nikasema, "Sijui, shemeji. Labda kamba haikukaza. Siku hizi alikuwa anajifunga mwenyewe, mimi sipimi."

Huo ndio uongo wangu, mzima mzima, na sijawahi kusema mwingine uliodumu hivyo. Wiki ile niliikata helmeti vipande kwa msumeno, nikaitia katika pipa la vyuma chakavu.

Hakufa. Wengine waliniambia nishukuru, nami nilishukuru kwa dhati. Lakini mkono wake wa kushoto ulilala, alitembea kwa fimbo, na miaka kama mitatu ilifutika kichwani mwake kabisa. Alikumbuka Kisumu, alikumbuka gereji, alinikumbuka mimi. Helmeti hakuikumbuka. Hakukumbuka kuniomba wala kucheka. Nywele ziliota tena na kilemba kikarudi, lakini kukifunga kwa mkono mmoja asingeweza, ikawa kazi ya mkewe.

Gereji iliuzwa. Nikarudi kwenye mabasi, safari hii kama fundi. Kila mwezi nilikwenda kumtazama kwake Barking, nikanywa chai yao, na kila mwezi niliusikia uongo wangu ukinikaribisha mlangoni. Ulikuwa umeshakuwa hadithi ya familia. Mgeni akija, yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia: "Ujinga wangu. Kamba ndogo tu, nikashindwa kufunga." Akisahau dawa, mkewe alisema, "Ni kama ile kamba." Akiacha jiko linawaka, kamba. Mwanamke yule hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na hasira yake ilihitaji mahali pa kukaa, nami ndiye niliyeionyesha pa kukaa. Mtu aliyekuwa makini kuliko madereva wote niliowafunga mikanda akazeeka akijulikana nyumbani mwake kama mzembe. Nami nilikunywa chai. Nilijichukia, nikanywa.

Miaka ilikwenda. Binti yao aliolewa, na mwaka mmoja wa elfu mbili na kitu akaja na mtoto mchanga. Nilikuwepo. Dereva wangu, sasa mzee, alikuwa amekaa kwenye kochi, mto mapajani, mkono wake mzima umeuzunguka. Alikuwa ameshajitayarisha. Akamwambia binti yake, "Nipe nimshike kidogo."

Binti alimwelewa, maana Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza kama alivyozoea. "Maybe later, Dad."

Mkewe akaongeza kutoka jikoni, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Usimpe. Huyo hata kamba yake mwenyewe hakufunga."

Mzee akauondoa mto mapajani. Aliuweka pembeni polepole, akaupapasa kidogo, akasema, "Ni kweli."

Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwa miaka, na yote ikanipotea.

"Ulifunga," nikamwambia.

Akanitazama.

"Kamba ulifunga. Niliipima mimi mwenyewe kwa vidole. Niliifungua mimi ulipoanguka. Helmeti nilikuwa nimeikata ndani, povu la utosini nimelichimba lote. Ndiyo sababu. Halafu hospitali nikamdanganya shemeji."

Mkewe alikuwa ametoka jikoni na kitambaa cha sahani mkononi. Kisha mzee akauliza, kwa sauti ya fundi anayeuliza fundi mwenzake, "Kwa nini ulikata?"

Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Kwa sababu uliniomba. Kwa sababu ulisema nifanye ninavyojua, ukaivaa ukacheka. Palikuwa na watu wawili tu duniani walioyajua hayo, na mmoja alikuwa ameyasahau. Kama ningemwambia, ningekuwa nimemvua kosa moja na kumvisha jingine.

"Nilidhani najua," nikasema.

Mkewe aliketi kwenye mkono wa kochi. "Miaka tisa," akasema. Hakunitazama mimi, alimtazama mumewe. "Miaka tisa namsema huyu mtu, na wewe umekaa hapo unasikia. Unakunywa chai yangu."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Nikainuka. Lakini mzee alinyoosha fimbo mbele yangu, nisipite. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na uso unacheka, nami nilidhani ananikasirikia, kumbe mimi sikuwamo kabisa katika mawazo yake. "Mwambie huyu," akasema, akimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Mwambie in English, asikie vizuri. Hiyo ya kamba."

Kwa hiyo nikasema tena, kwa Kiingereza changu cha gereji. He did it up. I cut the helmet. I lied to your mum. Kwa lugha ile hapakuwa na pa kujificha, maneno yalitoka mafupi na makavu, na binti alinisikiliza huku akimtikisa mtoto begani. Alimpita mama yake, akauchukua ule mto, akaurudisha mapajani mwa baba yake, akamlaza mtoto juu yake, akachuchumaa karibu, mkono wake ukiwa chini ya kile kichwa kidogo. Baada ya muda akauondoa mkono.

Sikuambiwa niondoke na sikuhitaji kuambiwa. Sijarudi tangu siku ile, na hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimeinama mlangoni navaa viatu, nikamsikia mzee sebuleni akimwambia mjukuu wake, taratibu, kama mtu anayejitambulisha, "Nilifunga. Umesikia? Nilifunga."