Baridi ya Hassan Ndani ya Pikapu ya Bosi

Hassan wa spea, wewe ndiye uliyeniponza! Ulinionyesha kiboksi chenye feni ukaapa, "Wallahi walalo, ndugu yangu, hii inaleta baridi ndani ya gari."

Nilifurahi ajabu. Kwa joto hili la Garissa, bosi wetu wa kuchimba visima alikuwa ameahidi kunifanya fundi mkuu nikimpatia baridi kwenye pikapu yake. Mimi na mvi zangu nikaunga mipira ya kiboksi kwenye maji ya rejeta, yale yale yanayochemka kwenye injini, wala sikujiuliza kitu. Karakana nzima nikaiita ishuhudie!

Saa sita mchana bosi akaingia, akafunga vioo. Nikawasha. Mara akaruka nje, shati limelowa jasho chapachapa.

"Fundi," akasema akihema, "kwetu Nyahururu kwenye baridi kali, hii tunaiita hita."