Kigoda Kilicholala Ubavu

Kazi yangu katika ukumbi ule ilikuwa kubeba. Mnada wa vitu vya kale ukikaribia, waliniita mimi na vibarua wengine, tufungue masanduku, tupanguse vumbi kwa brashi laini, tupange vitu juu ya vijukwaa vyeupe ili matajiri waje kuvitazama kabla ya siku ya kuuza. Nimewahi kuwa mlinzi, mpakaji rangi na muuza viatu vya mtumba. Sikai sana mahali pamoja. Nimehama chumba hadi chumba, Kibera na Kawangware, mpaka godoro langu limeshika alama ya kamba. Kazi hii ya mnada ndiyo pekee niliyokuwa narudia kila nikiitwa. Nilipenda kushika saa ya ukutani ya enzi za reli, ramani iliyochorwa kabla bara halijajulikana vizuri, ngoma ambayo ngozi yake imekauka bado ikiwa na manyoya. Vitu ambavyo wenyewe wameondoka vilinituliza. Sijui kwa nini.

Asubuhi hiyo tulifungua sanduku la vigoda. Tuliambiwa vimetoka katika nyumba ya mzungu mzee aliyefariki, na watoto wake walioko ng'ambo hawakuvitaka. Nilivitoa kimoja kimoja nikivisimamisha. Cha mwisho kilikuwa chini kabisa, kimezungushiwa nyasi za karatasi. Nilipokifunua niliona ufa kwenye kikalio, na ufa ule umeshonwa kwa spoki ya baiskeli, ncha zake zimekunjwa kama makucha ya paka. Chini ya mguu mmoja palipigiliwa kipande cha tairi.

Nilikitoa kilivyokuwa, kimelala ubavu, nikakiweka juu ya kijukwaa vivyo hivyo. Kisha nikarudi nyuma kidogo.

"Mzae, hicho kiti kimelewa ama?" kibarua mwenzangu akauliza. "Kisimamishe bana."

"Kiache."

"Kwani ni cha babu yako?"

"Ndiyo. Ni cha babu yangu."

Akacheka mpaka akashika kijukwaa. Aliponiona sicheki, akaokota brashi yake akaenda kupangusa vinyago upande wa pili.

Msimamizi wetu, dada mmoja kijana aliyependa kila kitu kipimwe kwa jicho mara mbili, alikuja akauliza mbona hiki kimelala. Nikamwambia kwetu kigoda kikishalala hakiinuliwi na mtu yeyote tu. Aliinama, akatazama upande wa chini, pale ambapo alama za tezo bado zinaonekana kama magamba ya samaki.

"Basi kiache hivyo," akasema. "Hata chini ni kuzuri."

Nikakipiga picha kwa simu yangu. Ya kwanza ikatoka ukungu, nikapiga nyingine.

Kwetu Magharibi, mzee akifariki, kigoda chake hulazwa ubavu nje ya mlango wake. Mwenyewe amelala, na kiti kilale. Matanga yakiisha, ukoo ukikutana kugawa vitu vyake, mwanawe hukishika, humwambia marehemu kwamba kilio kimekwisha, kisha hukisimamisha. Ndipo watu hunawa mikono wakarudi mashambani. Kabla ya hapo mtu anaweza kulima, anaweza hata kuoa, lakini wazee watasema bado yuko matangani.

Mama yangu ni mtu wa ziwani. Alipoolewa kwetu alijifunza lugha, akajifunza kupika mboga zetu za majani, akajua nani asipewe mkono na nani asitazamwe usoni. La kigoda hakuna aliyemwambia, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo kila mtu hudhani kila mtu analijua. Kuka, yaani babu, alipozikwa, nilikuwa mtoto, ila wa kukumbuka alivyoushona ufa wa kigoda chake kwa spoki. Siku chache kabla ya kugawa vitu, alipita mchuuzi wa mabeseni, mmoja wa wale waliokuwa wakizunguka vijijini wakitoa plastiki mpya kwa vyungu, vibuyu na mbao za zamani. Wanaume walikuwa wameenda kikaoni. Mama aliona kigoda kimeanguka nje, kina ufa, kimelowa umande. Akadhani kimetupwa. Akampa mchuuzi, akapewa beseni la bluu.

Alifurahi sana, nakumbuka. Alikuwa akiligonga kwa vidole, lilie, wakati senge, dada wa baba, alipotoka jikoni.

"Mulamwa, ona!" akamwambia wifi yake. "Kitu cha bure!"

Senge akatazama beseni, akatazama pale nje ya mlango. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

Mchuuzi alitafutwa, hakupatikana. Tangu hapo, lililovunjika katika ukoo wetu lilivunjwa na kigoda. Baba mkubwa alipofariki, ni kigoda. Baba alipoachishwa kazi kiwandani, ni kigoda. Na tulipomzika baba mwenyewe, senge alisema mbele ya watu, taratibu kabisa, "Huyu naye amelala kwa sababu baba yake hajaamka." Mama alikuwa amekaa chini karibu na jeneza. Alisikia. Hakujibu siku hiyo wala siku nyingine, na senge hakunywa tena hata maji katika nyumba ya mama. Maisha yakawaleta wote wawili Nairobi, mama Sarang'ombe huko Kibera, senge Gatina huko Kawangware, mwendo ambao mimi huutembea kwa miguu bila kuchoka. Wao hawakuutembea.

Jioni ile nilimkuta mama kwenye cherehani yake, akishona sare za shule. Nikampa simu. Alivaa miwani, akaigusa picha, ikateleza ikapotea.

"Yawa! Kimekimbia."

Nikairudisha. Akaitazama muda mrefu, uzi ukining'inia mdomoni.

"Nilidhani kilishachomwa," akasema hatimaye. "Miaka yote hii, nikipita mahali watu wanaota moto, ninakiona ndani." Akaukata uzi kwa meno. "Nenda kwa senge wako. Usimwambie nimekutuma."

"Na wewe utakuja kukiona?"

"Kufanya nini? Kumshikia mkoba?"

Kesho yake nilivuka Barabara ya Ngong, nikapita mafundi wa makochi wakipaka vanishi kando ya njia, nikaingia Kawangware. Senge huuza mboga mlangoni pa ghorofa anamoishi. Alikuwa akikata sukuma wiki, kisu kikienda mbio bila yeye kukitazama.

"Umekuja na miguu tena," akasema. "Wewe utazurura kama mbwa wa soko mpaka lini? Watu wa umri wako wana mashamba."

"Senge, nimekiona kigoda cha kuka."

Kisu kikasimama. Hakuuliza kiko wapi. Hakuuliza nani anacho.

"Kimekaaje?"

"Kimelala."

Akafunika mboga kwa kitambaa. Nikamweleza habari ya ukumbi, ya mzungu aliyefariki, na kwamba Jumapili kingeuzwa na huenda kikaondoka nchini. Nikamwambia pia jambo lililokuwa likinisumbua, kwamba katika miaka yote ile lazima kuna mtu alikisimamisha, labda hata akakikalia akinywa chai.

"Mgeni akikiinua hajui anachofanya," akasema. "Hiyo ni upepo umefungua mlango. Mwenye nyumba hajafungua." Akaweka kisu chini. Watoto wa kuka wote walikuwa wameshatangulia, amebaki yeye. "Nani mwingine anajua?"

"Mama."

Mteja akaja akataka sukuma ya kupika jioni. Senge akampimia, akamwongeza majani mawili, akamwacha aende. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie aje. Aje akione alichokitupa."

Nilirudi Sarang'ombe nikiwa nimebeba maneno hayo, nisijue kama ni wito au ni shtaka. Mama alipoyasikia alizima taa ya cherehani, akakunja sare aliyokuwa akiishona ingawa haikuwa imekwisha.

"Hata kortini mtu huenda," akasema.

Siku ya watu kutazama vitu ilikuwa Jumamosi, na mlango ulikuwa wazi kwa yeyote. Senge alifika amefunga kitambaa cheupe cha kanisani. Mama alivaa kitenge alichovaa siku baba alipozikwa. Walipeana ncha za vidole. Tukapita picha za kuchora, tukapita sanduku la kioo lenye visu vya zamani. Mbele ya kinyago kimoja kilichokunja uso senge alisimama.

"Na huyu, nani alimkosea?"

Mama alitaka kucheka, akajizuia. Nadhani senge alimwona.

Tulipofika kwenye kigoda, senge alisimama mbele yake mikono ikining'inia. Mama alibaki nyuma, karibu na nguzo, kama mtu aliyekuja na watu wengine. Nilikwenda kumwambia msimamizi kwamba yule ni binti wa mwenye kigoda na anaomba kukigusa. Hakuuliza mengi. Alileta glavu nyeupe za pamba.

"Za nini hizi?" senge akauliza.

"Mikono ina mafuta, mama. Yanaharibu mbao," msimamizi akasema.

"Mti huu umeshiba mafuta ya baba yangu. Siwezi kumwinua baba na soksi."

Msimamizi akanitazama, akamtazama senge, akawatazama wageni wachache waliokuwa wakizunguka na glasi za juisi. "Napigiwa simu," akasema, na simu yake ilikuwa kimya mfukoni. Akaenda dirishani akatupa mgongo.

Tulikishusha kigoda mimi na mwenzangu, yule aliyecheka, tukakilaza sakafuni. Senge akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya ile spoki, akaanza kusema kwa lugha ya kwetu. Alimtaja baba yake kwa jina lake la ujana. Akawataja ndugu zake mmoja mmoja, baba yangu akiwemo, akimwambia kuka kila mmoja amelala wapi. Halafu akashika ukingo wa kikalio, asikiinue. Nilidhani ameshindwa.

"Mulamwa," akaita bila kugeuka. "Kuja."

Mama akaja. Nilimwona akitembea kama mtu anayepita juu ya utelezi.

"Shika upande ule."

"Mimi si mtoto wake."

"Nani alimpikia uji alipokuwa hawezi kutafuna? Mimi nilikuwa kwa mume wangu. Shika. Magoti yangu yameisha."

Mama akashika. Wakakiinua pamoja. Kigoda kikayumba, kipande cha tairi kikagusa sakafu, kikatulia.

"Baba," senge akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, ili mama, aliyejifunza lugha yetu ukubwani, asikose hata neno moja, "kilio kimekwisha. Tumechelewa, lakini kimekwisha. Na hakuna aliyekutupa."

Mama alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, kama ya mtu aliyetua mzigo na bado shingo haijaamini. Mgeni mmoja, akidhani ni onyesho lililopangwa, alianza kupiga makofi. Akaona nyuso zetu, akaacha.

Habari ya mnada wenyewe niimalize hapa, maana si ndefu. Jumapili nilikibeba kigoda hadi mbele, kimesimama juu ya mikono yangu miwili, na dalali akakisifu kwa maneno mazuri ambayo yangemfaa hata kuka mwenyewe. Aliyekinunua alikuwa kwenye simu, nchi ya mbali. Nyundo ilipogonga nilikuwa bado nimekishika. Nilitarajia kuumia. Nilikipeleka chumba cha nyuma, nikakizungushia nyasi za karatasi, nikakifunga kikiwa kimesimama, nikaandika kwa kalamu nene juu ya sanduku: upande huu juu. Si mama wala senge aliyewahi kuniuliza kiliuzwa kwa bei gani.

Lakini Jumamosi ile, tulipotoka ukumbini, senge alisimama nje ya lango akitazama mikono yake.

"Mtu akishainua hunawa," akasema. "Na siwezi kunawa kwenye choo cha watu." Akamgeukia mama. "Kwako ni mbali?"

Alijua. Tangu mama ahamie Sarang'ombe, senge alijua hata rangi ya mlango wake, kwa sababu kila nilipomtembelea aliniuliza habari zake huku akijifanya hataki jibu.

"Si mbali," mama akasema.

Tulipofika, mama aliweka maji motoni, kisha akainama chini ya kitanda. Alitoa kitu kilichofungwa kwa shuka la zamani, akakifungua, na akasita, nadhani ndipo alipoona anachokifanya. Lilikuwa beseni la bluu.

Senge alilitazama. Nje mtoto wa jirani alikuwa akiita mwenzake kwa mluzi.

"Ndilo?"

"Ndilo."

"Mbona halijapauka?"

"Sijawahi kulitumia."

"Hata siku moja?"

"Ningeoga nalo nikiwa na uso gani?"

Senge akavua kitambaa chake cheupe, akakiweka juu ya cherehani, akakunja mikono ya blauzi. Akavuta kigoda cha plastiki alichokalia mama kila siku akishona, akaketi.

"Tia maji," akasema.

Mama akatia maji ya moto, akayapoza na ya baridi, akajaribu kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto. Senge akatumbukiza mikono. Hakuisugua. Aliiacha tu imelala chini ya maji, na baada ya muda akasogea kidogo upande, akamwachia mama nafasi.

"Weka na yako, mulamwa. Maji yanapoa."